Utepe Uliokataa Mstari

Mtu akikuambia kwamba kupanga tepe tano za nishani juu ya mfuko wa koti ni kazi ya dakika kumi, mwulize kama amewahi kuolewa na mwanajeshi. Laker alikuwa ameolewa na mmoja kwa miaka kumi na tisa. Kazi hiyo aliijua kwa vidole, hata kwenye giza. Ndiyo maana jioni ile alipokwenda Kalerwe kuchukua koti la mumewe kwa dobi hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na haraka tu.

Kesho yake asubuhi mumewe, Sajenti Ocaya, alikuwa anapandishwa cheo kuwa afisa mteule. Mara tatu jina lake lilikuwa limepelekwa juu, na mara tatu likarudi kapa. Wenzake aliojiunga nao siku moja walikwishapata vyeo, nyumba, hata vitambi. Safari hii jina lilikuwa limepita. Kilichobaki ni ukaguzi wa gwaride, na mkaguzi mwenyewe alikuwa mtu wa kutembea na rula mfukoni. Mwaka uliopita alimtoa mtu mstarini mbele ya mkewe na wakwe zake kwa sababu ya utepe mmoja uliokaa upande. Yule bwana anasubiri cheo hadi leo.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Tepe zisipokaa sawa, cheo hakuna.

Dobi wake aliitwa Nanyama, Mkenya wa kutoka Bungoma, mwanamke wa kanisa na mwenye pasi nzito ya mkaa. Kabla ya kufua koti la gwaride Nanyama alikuwa akizing'oa tepe zote na kuzitia kwenye bahasha, kwa sababu tepe hazifuliwi. Jioni ile alimkabidhi Laker koti kwa mikono miwili. Bahasha aliishika kwa ncha za vidole.

"Nne ziko sawa," alisema. "Hii moja, aki, imenishinda. Tangu juzi imelowa."

"Si wewe umefua?"

"Sijaigusa na maji, mama. Nimeianika juani siku mbili. Shika mwenyewe uone."

Laker akaushika. Ulikuwa utepe mwekundu wenye mstari mweupe katikati, ule wa ushujaa, mkubwa kuliko zote kwa heshima. Ulikuwa baridi na unyevunyevu kama ulimi wa ng'ombe. Akaunusa. Tope… na majani mabichi yaliyoungua.

"Wewe Nanyama, sema tu umesahau hii kitu ndani ya beseni."

"Haya, nimesahau." Nanyama akatazama pembeni, akashusha sauti. "Lakini usiniletee tena hiyo. Nakuomba."

Laker akasonya, akapanda bodaboda. Watu wa siku hizi, aliwaza njiani, kazi ikiwashinda wanatafuta maneno.

Walikaa Kasubi, kwenye vyumba vya kupanga vilivyopangana mstari mmoja, vyenye veranda moja ya wote. Mwenye nyumba, Hajati, alikuwa na sheria nyingi, kubwa yao ikiwa zamu ya kupiga deki veranda. Laker alipofika, umeme ulikuwa umekatika na giza lilikuwa linaingia. Jirani yake, Mama Abubaker, alikuwa nje akikaanga mihogo. Ocaya alikuwa chumba cha ndani anang'arisha viatu huku akipiga mluzi. Binti yao, Aol, alikuwa shule ya bweni. Basi Laker akawasha taa ya sola, akatandaza koti mezani, akatoa rula, sindano na uzi, akaanza.

Utaratibu haubadiliki. Tepe hukaa juu ya mfuko wa kushoto. Ulio mkubwa kuliko zote hukaa ndani kabisa, karibu na vifungo, na wadogo wake hufuata kuelekea kwapani, bega kwa bega, bila pengo. Laker akaweka mwekundu wa kwanza, akafuatisha nne nyingine. Akapima kwa rula, akaridhika. Akageuka kuchukua uzi.

Aliporudisha macho, mwekundu ulikuwa wa mwisho, kule kwapani.

"Banange," alisema. "Macho haya nayo yamechoka."

Akauondoa, akaurudisha mahali pake. Akachoma sindano, akavuta uzi, akapiga fundo. Akauchukua wa pili. Akasogeza taa ili aone vizuri.

Mwekundu ulikuwa umekaa mshazari, kichwa kimeinama upande wa mlango.

Laker akakasirika. Siyo kuogopa, kukasirika. Siku nzima alikuwa amesimama, mguu unamuuma, kesho mawifi zake watakuwa kwenye hema la wageni wakitafuta kasoro, na hapa kipande cha kitambaa kisichozidi kidole gumba kinamchezea. Akaufumua. Akaushona upya, mishono kumi na miwili, akihesabu kwa sauti kama anayemtandika mtoto.

"Mama, bado?" Ocaya aliuliza kutoka ndani.

"Bado!"

"Sasa saa moja inaisha."

"Kuja ushone wewe basi!"

Mluzi ukaendelea. Laker akainama kumalizia wa tatu. Akasikia kitu kidogo kikianguka sakafuni. Tap… kama tone la maji.

Utepe mwekundu ulikuwa chini, hatua moja kutoka mezani.

Akaangalia koti. Uzi ulikuwa bado umo kwenye kitambaa, mishono yote kumi na miwili, na fundo lake halijaguswa. Kilichotoka ni utepe peke yake. Laker alisimama akitazama mishono ile inayoshona hewa, na hasira yake ikaanza kuchanganyika na kitu kingine ambacho hakutaka kukipa jina.

Akatafuta supaglu kwenye droo. Ndiyo, supaglu, kwenye koti la gwaride! Fundi yeyote wa kushona kule Nakivubo angemcheka. Akapaka, akabandika, akakandamiza kwa kidole gumba, akahesabu mpaka mia moja. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema ukikiona kinatembea ufanye nini. Alipoondoa kidole, gundi ilikuwa imemganda yeye. Utepe haukuwapo.

Akaelekeza taa chini.

Ulikuwa kizingitini. Umelala sawasawa mbele ya mlango, umenyooka, kama unaosubiri kufunguliwa.

Hapo ndipo Laker alipokumbuka yai.

Miaka saba nyuma, Ocaya aliporudi kutoka vitani ng'ambo ya mpaka, mama mkwe alipiga simu kutoka Kitgum. Alimwagiza Laker aweke yai bichi mlangoni, mumewe alikanyage na kulipasua kabla hajaingia ndani. Ndivyo Waacholi wanavyompokea mtu aliyekaa mbali na akapita penye maiti. Yai linapopasuka, kilichomfuata kinabaki nje. Asipokanyaga, anaweza kuingia na cen, roho ya aliyekufa vibaya na hakupata wa kumlaza. Laker alikubali. Lakini siku ile zamu ya deki ilikuwa yake, na Hajati alikuwa amekwishamgombeza mara mbili wiki hiyo. Yai bichi kwenye veranda ya watu! Basi akanunua la kuchemsha kwa muuzaji wa barabarani, lile la kuliwa na chumvi. Ocaya akalikanyaga. Likabonyea tu. Laker akalifagia, veranda ikabaki safi, na mama mkwe akaambiwa mambo yamekwenda vizuri.

"Ni mimi," Laker alinong'ona. "Ni mimi nilimfungulia."

Nje, kwenye veranda, kukasikika hatua.

Ko… ko… ko…

Hatua za buti. Nzito, na kati ya hatua na hatua, mchuruziko wa maji. Mvua haikuwa imenyesha Kasubi kwa wiki mbili.

Zikasimama mlangoni.

"Hodi," sauti ya kiume ilisema, chini sana.

Laker angeweza kumwita mumewe. Lakini mtu akiwa na hasira ya saa nzima mkononi, hutafuta wa kumwangushia. Akafungua mlango kwa nguvu.

Alikuwa askari kijana mwenye sare za porini, ameinamisha kichwa. Maji yalimtoka mikononi, magotini, kwenye kola. Kivuli cha bati kilimfunika uso. Ile harufu ikaingia ndani… tope, na majani mabichi yaliyoungua.

"Wewe ni wa kikosi gani?" Laker aliuliza. "Mzee ako na kazi. Kuja kesho."

"Nimekuja kuchukua yangu, mama."

"Yako gani?"

"Moja tu." Kijana alivuta pumzi, na kifua chake kikatoa sauti ya chupa inayojaa maji. "Kesho… na mimi nisimame."

Laker akainua taa. Sare yake yote ilikuwa imelowa chepechepe. Yote, isipokuwa sehemu moja. Juu ya mfuko wa kushoto, upande wa vifungo, palikuwa na kipande kikavu kabisa, cha mraba mrefu, kisichozidi kidole gumba.

Akaubamiza mlango. Akasukuma komeo. Maji yakaanza kupenya chini ya mlango, polepole, yakauzunguka utepe pale kizingitini.

"Baba Aol!" alijaribu kupiga kelele, sauti ikatoka nusu. "Baba Aol…"

Ocaya alitokea na kiatu kimoja mkononi. Akatazama maji, akautazama utepe. Hakuuliza ni nini. Jambo hilo Laker alilikumbuka baadaye kuliko mengine yote: mumewe hakuuliza.

"Amekuja mpaka kwa mlango?" Ocaya alisema.

"Wewe unamjua?"

Ocaya akakaa kwenye kiti, kiatu mapajani.

"Ni Komakech. Yule kijana yetu ya Pader. Mimi nilikuambia alikufa kwa mto."

"Anataka riboni."

"Najua anataka nini."

Laker akamweleza habari ya yai la kuchemsha, haraka, akitokwa na machozi, akiomba msamaha. Ocaya alicheka kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Yai ingefanya nini, Laker? Hii kitu mimi niliingia nayo ndani ya mfuko." Akageuza kiatu mapajani. "Pale kwa mto adui walituchomea majani, moshi kila mahali. Mimi nilijificha kwa tope. Hivi, mpaka shingo. Komakech ndiye alibeba majeruhi. Akavusha mmoja, akarudi. Wa pili, akarudi. Wa tatu, akarudi. Ya nne maji ikamchukua na mtu yake. Kambini wakauliza, nani alibeba hawa? Majeruhi hawakuwa na akili ya kusema. Mimi nilikuwa nimelowa, niko na tope…"

"Ukasema ni wewe."

"Sikusema kitu. Waliniuliza, nikanyamaza. Kunyamaza ikatosha."

Laker akaliangalia koti mezani. Miaka saba amekuwa akiuweka utepe ule mahali pa kwanza, karibu na vifungo, akiupiga busu kabla ya kila gwaride. Miaka saba akiwasimulia mawifi.

"Mpe," alisema. "Fungua mlango sasa hivi, mpe kitu yake."

"Na kesho? Rekodi inasema tano. Nikivaa nne, yule afande ataniuliza ya tano iko wapi, mbele ya watu. Nikisema kweli, cheo kwisha, kazi kwisha, pengine jela. Miaka yote hii, Laker! Yote!"

Kutoka nje sauti ya Mama Abubaker ikasikika, ya kawaida kabisa, juu ya mlio wa mafuta ya mihogo.

"Maama Aol! Huyu mugeni yenu mbona hamumukaribishi? Ameroa masikini."

Laker akabana mdomo kwa kiganja. "Unamuona?" aliuliza kupitia mlangoni.

"Kwani mimi ni kipofu? Kira siku Mzee akirudi anasimama hapo. Mimi nafikiri ni murinzi yake."

Kila siku. Miaka saba.

Ocaya akainama, akauokota utepe kutoka majini, akauweka mezani kando ya koti. Mikono yake haikuwahi kushika sindano.

"Nishonee," alisema. "Mara moja tu. Kesho nikishapata, nitamtafuta mama yake huko Pader, nitampelekea. Naapa."

Njia ya mwongo ni fupi, na Laker aliijua methali hiyo tangu utotoni. Alijua pia kwamba la kuvunda halina ubani. Lakini alijua na mengine: mara tatu jina lilivyorudi, Ocaya akikaa kitandani na viatu bila kusema neno, mawifi wakiuliza kwa huruma ya uongo, Aol akiandika kwenye fomu ya shule, cheo cha baba, sajenti, mwaka hadi mwaka. Alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kiasi cha kuwa mbaya.

"Kijana," alisema, akiuelekea mlango, akinong'ona. "Tusamehe. Tuachie kesho tu. Kesho moja."

Akarudi mezani.

Laker akatunga uzi. Akauweka utepe mwekundu mahali pa kwanza, akachoma sindano. Ukatulia. Akashona mishono kumi na miwili, akapiga fundo, akageuka, akarudisha macho. Ulikuwa pale pale. Akashona na nyingine nne, bega kwa bega, bila pengo. Akapima kwa rula. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuona mstari ulionyooka namna ile. Aliugusa utepe kwa kidole, nao ulikuwa mkavu.

Maji chini ya mlango yalikuwa yamekoma. Ocaya akapumua. Umeme ukarudi, redio ya jirani ikaanza kuimba, na wote wawili wakacheka kidogo kwa aibu, kama watu waliosikilizana na mwenye haki yake. Wakala, wakalala mapema.

Hatua za kuja walikuwa wamezisikia.

Za kuondoka, hapana.

Asubuhi jua lilitoka zuri. Kwenye hema la wageni Laker alikaa safu ya pili, gomesi yake mpya imepigwa pasi, mawifi kulia na kushoto. Mkaguzi alipita na rula yake. Alipomfikia Ocaya alisimama, akapima juu ya mfuko, akatingisha kichwa kwa kuridhika, akasogea. Laker akazifumba ngumi zake kwa furaha. Imepita!

Kisha wakaanza kuitwa majina. Aliyeitwa alipiga hatua mbele, akavishwa cheo, watu wakapiga makofi.

"Sajenti Ocaya!"

Hakuna aliyesogea.

"Sajenti Ocaya!"

Mumewe alikuwa pale, kifua mbele, kidevu juu, macho yametulia. Hakuwa amezubaa. Alikuwa anasikiliza kwa makini, kama mtu anayengoja jina lake lifike.

"Nenda!" Laker alisema kwa sauti, akasimama. "Baba Aol, nenda! Ni wewe!" Wifi mmoja akamvuta nguo akae.

Jina likaitwa mara ya tatu. Mwenye orodha akasubiri, akapiga mstari kwa kalamu, akaita la mtu mwingine.

Wakampeleka hospitali. Madaktari wakamulika masikio, wakasema ni mazima. Wakampa mapumziko, arudi nyumbani mpaka akili itulie. Mchungaji alikuja, akaomba hadi akakauka koo. Mama mkwe alikuja kutoka Kitgum na yai bichi, wakalipasulia mlangoni kweupe, Hajati akitazama. Ocaya alipita juu yake kwa adabu, na hakikubadilika kitu. Laker alijaribu kuufumua utepe. Sindano tatu zilivunjika, wembe ukapinda. Nne zilitoka kwa mvuto mmoja, ule mwekundu umekaa. Alilitupa koti ukutani, akalikanyaga, akalia kwa ghadhabu mpaka Mama Abubaker akaja kumshika.

Mumewe alikuwa na afya. Alikaa kwenye kiti, amenyooka, mikono magotini. Akiitwa Ocaya, hakugeuka. Baba Aol, hakugeuka. Mzee, afande, sajenti, vivyo hivyo. Aol aliletwa kutoka shule, akamshika mashavu, akamwita baba, naye akamtazama binti yule kwa upole kama mtoto wa watu. Chakula hakugusa. Siku mbili zikapita, ikaja ya tatu, na mifupa ya uso ikaanza kuonekana.

Jioni ya siku ya tatu Laker alisimama kwenye mlango wa chumba na sahani ya mboga ya malakwang mkononi. Alikuwa amelijua jibu tangu siku ya kwanza, na kwa siku tatu alikuwa amelikataa, maana alijua kwamba akishalitamka hataweza kulirudisha.

"Komakech," alinong'ona. "Chakula tayari."

Mumewe akageuka mara moja. Akatabasamu, akainuka, akaipokea sahani kwa mikono miwili.

"Asante sana, mama," alisema, kwa heshima, kama mgeni.